Mti Usioelea

Mpingo hauelei. Ukitumbukiza kipande chake kwenye ndoo ya maji kinakwenda chini moja kwa moja kama jiwe. Katika maabara ya chuo ninakosomea shahada ya uzamili, Morogoro, jambo hilo tunaliandika kwa tarakimu: mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu ina uzito wa kilo 1,200 hivi, na ya maji ni kilo 1,000. Tunakata vipande vidogo vyenye pande sawa, tunavikausha kwenye tanuri la nyuzi 103 mpaka uzito wake uache kushuka, kisha tunapima. Babu yangu mzaa mama, aliyechonga mpingo kwa miaka 46, anajua jambo hilohilo kwa ndoo. Mnunuzi wa Mwenge alipomshuku kwamba anamuuzia mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu, Babu alikuwa anaokota kibanzi kilichoanguka chini ya patasi yake, anakidondosha kwenye ndoo, na kuendelea na kazi bila kusema neno.

Nyumba yake ya Newala haikuwa na kinyago hata kimoja. Sebuleni kulikuwa na kalenda ya chama cha ushirika cha korosho, picha ya mama siku ya mahafali yake, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na kabati la vyombo ambavyo Bibi huvitoa wanapokuja wageni tu. Asiyemjua angedhani mwenye nyumba alikuwa karani au mlinzi. Niliwahi kupiga hesabu. Anasema kwa wastani alikuwa anamaliza vinyago viwili kwa mwezi, vikubwa na vidogo ukivichanganya. Viwili kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Mara 46, ni 1,104. Hata tukipunguza miezi ya malaria, ya misiba, na ile ambayo magogo yaliadimika, vinabaki mamia kwa mamia, na karibu vyote vilipanda ndege.

Alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, kwenye uwanda wa juu wa Mueda, akavushwa mto akiwa mtoto mwishoni mwa miaka ya 1950. Baba yake alikuwa amefuata kazi ya kukata mkonge kwenye mashamba ya Lindi, kama Wamakonde wengi wa wakati ule waliokuwa wanakimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno. Mchana baba mtu alikata mkonge, jioni alichonga. Kwanza alichonga vitu vya nyumbani: vikopo vya ugoro, vipini vya visu, miiko. Halafu akagundua kwamba msimamizi wa shamba analipa kwa sanamu ya mama aliyebeba mtungi kuliko anavyolipa kwa mkonge wa siku nzima. Babu anasema alijifunza kuchonga kwa sababu mtu mmoja alitakiwa kushika taa ya kibatari, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Mwaka 1968 alipanda lori kwenda Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja, na nchi nzima ilikuwa inazungumza lugha ya vijiji na kusaidiana. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa tayari wanachonga nguzo za watu waliopandana, huyu kambeba yule, yule kamshika huyu, kutoka shinani mpaka kileleni, zote katika gogo moja lisilo na kiungo. Mtindo huo unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, naye aliuita dimoongo, yaani nguvu. Siasa zilipobadilika nguzo zilezile zikaanza kuitwa ujamaa, na jina likakaa. Upande wa pili kulikuwa na mtindo wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa wa miaka ya 1950: viumbe vyenye jicho moja, masikio yaliyopinda, tumbo lililotoboka, mdomo unaomeza mguu wake mwenyewe. Babu alichonga vyote viwili. Ujamaa ulikuwa wa kulipa kodi ya nyumba, anasema, na shetani alikuwa wa kufurahisha moyo.

Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka Mwenge siku za Jumamosi. Ninakumbuka sauti kabla ya sura: nyundo za mti zikigonga vichwa vya patasi, makumi kwa pamoja, kila moja kwa mwendo wake, kama mvua inayoanza kwenye bati. Babu alikaa chini, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kati ya nyayo. Hakuchora kitu kwenye gogo. Alianza na shoka, akahamia kwenye tezo, kisha patasi pana, kisha patasi nyembamba, kisha tupa, kisha msasa wa aina tatu, na mwisho kitambaa chenye dawa ya viatu nyeusi ya kung'arisha. Kinyago cha ujamaa cha urefu wa goti lake kilichukua wiki tatu. Mwenye duka alikuja, akakigeuza mara mbili, akataja bei. Wakabishana kidogo kwa heshima, kisha kikaondoka.

Ada ya shule ya mama ilitoka huko. Ya mjomba pia, na ya mama mdogo. Na kwa sababu hiyohiyo hakuna mtoto wake hata mmoja anayejua kushika patasi. Mjomba alipokuwa darasa la sita alianza kutoroka shule kwenda Mwenge kushinda na wachongaji. Babu alimkuta, akamnyang'anya patasi mkononi, akamwambia, "Mimi nimekaa chini ili wewe ukae kwenye kiti." Mjomba sasa ni mwalimu wa hesabu Mtwara, anakaa kwenye kiti, na mpaka leo akisimulia kisa hicho haeleweki kama anashukuru au analalamika.

Mimi sikuhitaji kukatazwa. Kwa Wamakonde kuchonga ni kazi ya wanaume, wanawake walifinyanga. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mjukuu wa kike angetaka patasi. Lakini hakuna aliyekataza mjukuu wa kike kusoma kuhusu miti, kwa hiyo niliingilia mlango huo.

*

Babu alirudi kusini mwaka 2014. Mgongo ulikuwa umechoka, na mpingo ulikuwa umepanda bei. Mti huu huchukua miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kuvunwa, na kila mwaka ulitafutwa mbali zaidi na barabara. Wachongaji wenzake wengine walihamia kwenye miti myepesi na kuipaka rangi. Yeye aliona ni heri kuacha. Alinunua ekari mbili za mikorosho Newala, akajenga nyumba ya matofali ya saruji, akatangaza kwamba amestaafu.

Bibi anasema kustaafu huko kulidumu siku tisa.

Siku ya kumi alikata tawi la mkorosho lililoanguka, akachonga mwiko. Kisha mchi. Kisha kigoda, kisha kigoda kingine, mpaka kila nyumba ya jirani ikawa na kigoda. Akachonga mabasi kwa watoto wa mtaani, yenye magurudumu yanayozunguka na dereva ndani. Mkorosho si mti wa kuchonga: ni mwepesi, nyuzi zake zinachanika hovyo, na wadudu wanaupenda. Mabasi yanaoza baada ya masika mawili. Watoto wakija na basi lililovunjika anawapa jipya. Bibi hulalamika kwamba vibanzi vinaingia mpaka kwenye mchele, naye hujibu kwamba jino lisilotafuna kibanzi si la Mmakonde. Halipwi hata senti. Mjomba alimwuliza kwa nini asipumzike, akasema anapumzika, mbona amekaa.

Mpingo aliuacha Dar, isipokuwa gogo moja.

Gogo hilo lilikaa chini ya kitanda chake kwa miaka kumi, limefungwa gunia, ncha zote mbili zimepakwa nta ili lisipasuke. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka bega mpaka vidole. Alilinunua mwaka wake wa mwisho Mwenge kwa fedha ya vinyago vitatu. Bibi alilijua. Mjomba alilijua. Watoto wa jirani walilijua, kwa sababu walikuwa wanaambiwa kwamba ndani yake kuna mtu amelala. Alikuwa analisubiri, anasema. Nilimwuliza analisubiri litoe nini. Alisema gogo halitoi kitu, anayesubiriwa ni yeye.

Tatizo ni kwamba kusubiri kwenyewe kulianza kuisha muda. Mwaka juzi jicho lake la kulia liliingia ukungu, kisha la kushoto likafuata. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, jambo la kawaida kwa umri wake, na kwamba upasuaji wake ni mfupi. Babu akapangiwa tarehe. Tarehe ilipofika akasema korosho hazijaokotwa. Akapangiwa nyingine, akasema kuna msiba. Mjomba alinipigia simu Morogoro. "Wewe anakusikiliza," alisema. "Njoo umwambie."

*

Nilifika Newala Desemba iliyopita, baada ya siku mbili za basi na usiku mmoja kwa shangazi yangu Dar. Kutoka nyumbani kwake ni mwendo wa dakika chache kufika ukingoni mwa uwanda, mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini kwa kilometa nyingi. Ng'ambo ni Msumbiji. Zamani Babu alikuwa anakwenda pale jioni kutazama kwao. Safari hii tulikwenda pamoja, nimemshika kiwiko, na aliponiuliza kama mto unaonekana nikajua kwamba yeye hauoni.

"Shikamoo Babu" nilikuwa nimekwisha kuitoa tangu mlangoni, habari za safari zimekwisha, kwa hiyo niliingia moja kwa moja. Nilimwambia kwamba upasuaji unachukua chini ya saa moja, kwamba lenzi iliyochakaa inatolewa na kuwekwa nyingine safi, kwamba watu wanarudi nyumbani siku ileile au ya pili yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wasipoweza?"

"Wengi sana wanaweza, Babu."

"Nimekuuliza wasipoweza."

Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha, naye hakuwa analidai. Alikuwa anajieleza. Alisema hivi: kwa macho aliyonayo sasa bado anaona kivuli cha mti na kivuli cha mkono. Mikono inajua yaliyobaki. Akienda hospitali na mambo yakaharibika, gogo litabaki chini ya kitanda. Akilichonga kwanza, wanaweza kufanya watakavyo na macho yake.

"Basi lichonge," nikasema.

"Nani atanishikia taa?"

Likizo yangu ilikuwa ya wiki nne. Nikampigia mjomba, nikamwambia tumefikia makubaliano.

*

Tulitoa gogo uani asubuhi. Kabla ya kulivua gunia alilipiga kwa kifundo cha kidole, akalizungusha robo, akapiga tena. Alifanya hivyo kama mara ishirini, sikio limelala juu ya mti. Kisha akaniwekea kidole changu mahali fulani, karibu theluthi moja kutoka chini.

"Hapa pana chumba," akasema.

Mimi nilisikia mlio uleule kila mahali. Lakini nilijua anachosema kinawezekana. Mpingo mkubwa mara nyingi umeoza moyoni. Gogo linaweza kuwa zima nje na kuwa na shimo ndani. Tena shina lake halikui mviringo, linakua na mabonde na migongo, na moto wa misituni huacha makovu yanayofunikwa na mti mpya. Ndiyo maana wanaopasua mpingo kwa ajili ya klarineti na obo hupata vipande safi visivyofika sehemu moja ya kumi ya gogo. Chochote chenye ufa, chenye doa, chenye sehemu nyeupe iliyo kati ya gome na kiini, kinawekwa kando. Ala ya muziki haivumilii ufa.

Nilimweleza Babu hesabu hiyo. Aliniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Tisa zinatupwa, moja inachukuliwa? Akacheka mpaka akakohoa. "Hao wanachukua moja," alisema. "Sisi tulikuwa tunachonga hizo tisa."

Nimelibeba sentensi hiyo mpaka maabara. Katika fani yangu kasoro ni kitu kinachopunguza daraja la mbao. Tuna fomu zake: ufa, fundo, uozo, upindaji, na kila kimoja kinaondoa alama. Kwa mchongaji wa shetani, fundo ni jicho, ufa ni mdomo, na shimo la moyoni ni tumbo la kiumbe mwenye njaa. Hapangi kwanza halafu akatafuta mti unaofaa. Anatafuta mti ulipokataa kuwa sawa, anaanzia hapo. Sisemi kwamba fomu zetu ni mbaya. Bila hizo paa lingetuangukia. Ninasema tu kwamba nimesoma miaka mitano kuhusu miti na sijawahi kuona fomu yenye safu ya kuandika kasoro inaweza kuwa nini.

Alianza na shoka. Nilikaa upande wa jua na kioo cha kujitazamia cha Bibi, nikikigeuza ili mwanga uangukie anapochonga. Taa tuliihitaji jioni tu. Gome liliondoka siku ya kwanza, likaacha sehemu nyeupe, nyembamba kama unene wa kidole, na ndani yake kiini cheusi chenye mng'ao wa zambarau kinapochanika. Siku ya tano tezo lilitumbukia. Chumba kilikuwepo, sentimeta mbili kutoka pale aliponiwekea kidole.

Alinihadithia akichonga. Hadithi ya Wamakonde nilikuwa nimeisikia kwa mama, lakini kwa Babu ilikuwa ndefu zaidi. Zamani alikuwepo mtu mmoja tu, haogi wala hanyoi, anaishi porini peke yake. Siku moja alichukua mti akauchonga kwa umbo la mwanamke, akausimamisha nje ya kibanda chake, akalala. Asubuhi akamkuta ni mwanamke wa kweli. Wakashuka mtoni kuoga, mwanamke akazaa, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, akazaa wa pili, naye akafa. Wakapanda mpaka uwanda wa juu kabisa, mbali na mto, na wa tatu akaishi. Ndiyo sababu Wamakonde wanakaa juu, anasema, na ndiyo sababu Bibi yako anahangaika na ndoo za maji mpaka leo.

"Kwa hiyo kinyago cha kwanza kilikuwa mama," nikasema.

"Kilikuwa mtu wa kuongea naye," akasema Babu.

*

Wiki ya pili nilimwuliza kuhusu jina. Nimetumia usiku mwingi kwenye intaneti nikipitia makusanyo ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na vinyago vya Kimakonde ni vingi. Huko Japani, katika mkoa wa Mie, kuna jumba zima la makumbusho lililopewa jina la sanaa hiyo. Wapo wachongaji wanaojulikana kwa majina: George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, alianzia kwenye uchongaji kabla michoro yake haijazunguka dunia. Lakini maelezo ninayoyakuta mara nyingi ni mafupi: Makonde, Tanzania, mpingo, mchongaji hajulikani. Nilitaka kujua kama aliwahi kuweka jina lake.

Aliwahi, mara moja, miaka ya 1970. Alichonga jina chini ya kitako cha kinyago. Mwenye duka aliyekuwa anamuuzia, ambaye alikwisha kufariki, alilipiga msasa likafutika, kwa maelezo kwamba wageni wanapenda kitu cha kabila, hawapendi kitu cha mtu. Babu hakugombana naye, alihitaji fedha ile. Lakini tangu siku hiyo, kila kinyago kilichotoka mkononi mwake alikiachia alama: ukingoni mwa kitako, sehemu inayokaa juu ya meza, alibakiza ule mti mweupe wa nje kwa ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, akaukata kwa umbo la mwezi mchanga. Wenye maduka walidhani ni uvivu.

"Unataka kuniambia vyote vina alama?"

"Vyote tangu hapo."

Usiku ule nilirudi kwenye picha za makumbusho nikiwa na moyo unaodunda. Nikafungua moja baada ya nyingine. Mbele, ubavuni, nyuma, mara nyingine uso peke yake umekuzwa. Niliendelea mpaka bando likaisha, na sikukuta hata picha moja ya kitako. Hakuna anayepiga picha kinyago kwa chini. Kama mahesabu yangu yana ukweli, kuna vinyago mia kadhaa vimesimama sasa hivi kwenye rafu za Hamburg, za Tokyo, za nyumba fulani Marekani ambayo babu wa watu aliitembelea Afrika zamani, na kila kimoja kimeikalia saini yake.

Nilimwambia asubuhi. Nilitarajia atahuzunika. Alifikiri kidogo, akaniambia nimsogezee kioo, mwanga umehama.

Ninaandika haya nikijua kwamba wasomaji wengi wa rika langu tumefundishwa kulalamika kwa niaba ya wazee wetu, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo ni ya haki. Kufuta jina la mtu kwa msasa ni wizi, na fedha iliyolipwa haiondoi wizi huo. Lakini Babu hajakaa miaka yote akingoja mtu amgeuze kinyago juu chini. Alama ile aliiweka ili yeye ajue. Tena, tangu arudi Newala amechonga mabasi ya mkorosho yasiyomaliza miaka miwili, na kwenye kila basi, chini ya injini, nilikuta mwezi mchanga.

*

Kilichotoka kwenye gogo si ujamaa na si shetani, ingawa Babu hakuona haja ya kukipa jina. Chini kuna mwanamke mzee amechuchumaa. Juu ya mabega yake kuna mwanamke mwingine, na juu ya huyo mwingine, kwa sababu kwa Wamakonde ukoo unafuatwa kwa upande wa mama. Wa chini kabisa amebeba chumba kile cha mti mahali pa tumbo, na ndani ya chumba, akitumia patasi nyembamba kuliko zote na ncha za vidole, Babu alichonga kichwa kidogo kinachochungulia nje. Alikifanya akiwa amefumba macho. Alisema yaliyokuwa yanaonekana yalikuwa yanamchanganya.

Mara mbili patasi iliteleza ikamkata kidole gumba cha kushoto. Mara ya pili Bibi alikuja na kitambaa na maji ya chumvi, akamfunga, akasema maneno ya Kimakonde ambayo sikuyaelewa yote, kisha akaketi pembeni mpaka jioni akipepeta mchele, macho kwenye mkono wa mumewe. Tangu siku hiyo alikuja kila siku.

Siku tatu za mwisho alinipa msasa. Hakusema kwamba ni jambo kubwa, nami sikulitaja. Alinionyesha kwa mkono wake juu ya wangu: fuata nyuzi, usizikate, ukisikia joto, acha, usiguse kile chumba. Unga mweusi uliingia kwenye mistari ya viganja vyangu na haukutoka kwa sabuni kwa wiki nzima. Chuoni nilipima mpingo mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba ukisuguliwa unatoa harufu tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua.

Babu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi Februari, mjomba akiwa mlangoni. Nilikuwa nimerudi Morogoro. Siku ya tatu mjomba alinipigia simu ya video. Babu alikuwa amekaa barazani, kinyago mapajani, anakigeuza polepole kuelekea mwanga. Alipita kila sehemu kwa kidole na kwa jicho, kimoja kikifuata kingine. Alisimama kwenye shingo ya mwanamke wa katikati.

"Hapa patasi imepita mara mbili," akasema. "Aliyechonga hiki alikuwa haoni."

Nilimwuliza kama atapasawazisha.

"Hapana. Mwache."

Jicho la kushoto limepangiwa tarehe baada ya msimu wa korosho, na safari hii tarehe aliitaja yeye mwenyewe. Kuhusu kinyago, mjomba alipendekeza kiwekwe juu ya kabati la vyombo, mama akataka kipelekwe Dar kwenye nyumba yenye tiles, nami kwa siri nilikitaka kwangu. Bibi ndiye aliyeamua. Mlango wa mbele wa nyumba ile una tabia ya kujibamiza upepo wa bondeni unapopanda alasiri, na kwa miaka kumi umekuwa ukizuiwa kwa tofali. Sasa unazuiwa na wanawake watatu wa mpingo, wazito kiasi kwamba hakuna upepo unaowasogeza. Asubuhi Bibi akifagia anawainua, anawalaza ubavu kwenye mkeka, anafagia walipokuwa, na mwezi mweupe wa kitakoni unaonekana mpaka amalize.